Muulize Sista: Mjukuu yuko Uswidi, jua liko Bombo

SWALI: Sista, salaam alaykum. Binti yangu kaolewa Uswidi, mji wa Göteborg, na mwezi wa kumi na moja kajifungua mtoto wa kiume. Sa juzi tunaongea kwa video namuona anamdondoshea mtoto matone mdomoni, ati vitamini D, manesi wamemwambia ampe kila siku mpaka afike miaka miwili. Mi nimezaa saba hapa Bombo, Uganda, hakuna aliyepewa matone na wote miguu imenyooka. Nikamwambia we nyonyesha tu na umuote mtoto jua, kaninunia mpaka leo. Nani ana haki?
Bibi, Bombo

JIBU: Waalaykum salaam Bibi. Haki unayo, ila inaishia hapo hapo Bombo.

Vitamini D ngozi inaitengeneza yenyewe ikipigwa na jua, lakini siyo jua lolote, linatakiwa liwe juu angani. Kesho saa sita mchana toka nje utafute kivuli chako, utakikuta kifupi, kimejikunja karibu na miguu, manake sisi tunakaa karibu kabisa na mstari wa ikweta. Huko kwa binti yako mwezi wa kumi na mbili jua linachomoza karibu saa tatu asubuhi, saa tisa na nusu lishazama, na hata hiyo saa sita kivuli cha mtu kinamzidi urefu zaidi ya mara tano. Jua lililolala hivyo linakupa mwanga tu, ile mionzi inayofanya kazi kwenye ngozi inaishia njiani, na hali ni hiyo kuanzia kama mwezi wa kumi mpaka wa tatu. Ukimvua mtoto nguo umuote jua hilo utampatia baridi, vitamini hutaiona. Halafu weusi wetu ni mwavuli, hapa unatukinga, kule unazuia hata hako kajua kadogo kanakokuja wakati wa kiangazi.

Na maziwa? Maziwa ya mama mazuri, asiache. Ila vitamini D ndani yake huwa kidogo, na mama aliyebeba mimba ndani ya makoti na fleti hana akiba ya kumgawia mtoto. Ndo mana matone. Na wala hawajamuonea binti yako kwa sababu ni mgeni, watoto wa Waswidi wenyewe, weupe pepepe, wanapewa kuanzia wiki ya kwanza, maikrogramu 10 kwa siku, yaani yuniti 400. Wenye ngozi nyeusi mara nyingi wanaambiwa waendelee hata baada ya hiyo miaka miwili. Na machungu ya kukosa jua yalishaonekana, kule Glasgow, Uskoti, miaka ya 1960 na 1970 madaktari walikuta matege, ule ugonjwa wa mifupa ya mtoto kulainika akikosa vitamini D, kwa watoto wa familia zilizohamia kutoka India na Pakistani, watu waliotoka kwenye jua kali kama letu, na kwao bibi zao nao walikuwa hawajui matone.

Kwa hiyo mpigie binti muyamalize, na ukimpigia muulize, "leo umempa matone?" Mama wa mtoto mchanga anasahau hata kula, Bibi.

SWALI: Sista mimi ni mgeni hapa Kampala, tunakaa Kisenyi, gorofa ya tatu. Mtoto wangu ana miezi 14, hajasimama, jino ni moja tu, na vifundo vya mikono naona kama vimenenepa. Jirani anasema ni uvivu tu wa mtoto. Jua tunalo, kila asubuhi namuweka kwenye dirisha.
Mama, Kisenyi

JIBU: Dada yangu, hapa sitaki kukuzungusha, mpeleke mtoto hospitali wiki hii. Mtoto kuchelewa kusimama peke yake siyo ajabu, lakini ukiongeza meno na hivyo vifundo, mi nafikiria matege, na matege siyo lazima yaanze na miguu kupinda, miguu huwa inapinda mtoto akishaanza kusimama. Watampiga picha ya kifundo cha mkono na kupima damu, kalsiamu na vingine. Akianza kukakamaa au kupata degedege usingoje hata kesho, kalsiamu ikishuka sana inafanya hivyo.

Kuhusu dirisha, kioo kinapitisha joto na mwanga, ile mionzi kinaibakiza nje. Kwa hiyo umekuwa unampasha moto tu, pole. Na kama wewe mwenyewe ukitoka umejistiri mwili mzima, ukirudi uko ndani, basi unakaa ikweta kama mtu wa Göteborg! Sikuambii uache stara, ila kama kuna ua au paa lenye faragha, keti na mtoto kama saa nne, mikono na miguu wazi, uso kivulini, dakika chache, asiungue. Wale wa chini ya miezi sita msiwaweke kwenye jua kali, hao waulizieni matone kliniki.

Na chakula pia, maana mtoto anaweza kuota jua vizuri na bado akapata matege kwa kukosa kalsiamu, hasa akilishwa uji mtupu. Mukene, vile vidagaa, msage na mifupa yake utie kwenye uji, yai, maziwa. Lakini hospitali kwanza, dozi ya kutibu ni kubwa kuliko ya kukinga na haipimwi kwa macho nyumbani.

SWALI: Naweza kumpa mtoto wa miezi minne yale mafuta ya ini la samaki tunayokunywa sisi wakubwa? Matone ni ghali.
Baba, Arua

JIBU: Usimpe. Zamani kabla ya matone hiyo ndo ilikuwa dawa yenyewe ya matege, kwa hiyo wazo lako siyo la kijinga, lakini yana vitamini A nyingi na chupa ya wakubwa haikupimiwa mtoto. Ukipata matone ya watoto soma chupa, kuna ambayo tone moja tu ndo yuniti 400 na kuna ambayo ni mililita nzima, ukichanganya mtoto anazidishiwa, anatapika, anakosa choo, mpaka figo zinaumia. Tumia kidondoshi kilichokuja na chupa hiyo hiyo, cha dawa nyingine tupa.