Kipima mvua changu kinanidanganya?

SWALI: Shikamoo mhariri. Aprili nzima nimepima mvua hapa kwangu Mbezi, Dar, kila siku naandika kwenye daftari, jumla milimita 140, jirani mtaa wa pili kapata 210! Chombo kipo pembeni ya mwembe, kipimajoto nimekigongelea ukutani chini ya bati, mchana kinapiga nyuzi 41. Nani kakosea?

JIBU: Marahaba. Masika mvua inaweza kumwaga mtaa huu ikaruka ule, ila hapo namshuku mwembe, majani yanakunywa kwanza ndo wewe unapewa makombo, tena upepo ukivuma yanakudondoshea ya kwao. Kisogeze uwanjani, mti ukiwa na mita 5 kaa mbali angalau mita 10. Soma kila siku saa 3 asubuhi, sio ukikumbuka. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita moja ya mraba, kwa hiyo tofauti yenu ya 70 ni ndoo tatu na nusu za lita 20, sio mchezo. Hizo 41 ni joto la bati bwana, kipimajoto kinataka kivuli na hewa, kama mita moja na nusu toka chini.