"Mama, mwaka huu usipike wewe"

Shangazi, shikamoo.

Nakaa Tabata, nina watoto wawili. Binti yangu wa kwanza anatimiza miaka 7 Desemba hii. Mwaka jana nilimfanyia sherehe bila soda, pipi wala chipsi. Niliweka karoti, matango, mkate wa ngano isiyokobolewa uliopakwa parachichi, na maji. Hata keki niliioka kwa ndizi mbivu, bila sukari. Watoto walionja wakaacha. Wifi yangu akatoka bila kusema kitu, akarudi na kreti la soda kwenye bajaji, watoto wakashangilia kama vile bao limeingia. Jikoni nikamsikia mama mmoja anasema, "Hii si afya, huu ni ubahili." Juzi nimemwambia mwanangu tuanze kupanga ya mwaka huu. Akanijibu, "Mama, mwaka huu usipike wewe. Apike shangazi."

Mama yangu alikatwa mguu kwa sababu ya kisukari, na kila nikiona chupa ya soda namwona yeye. Kwangu soda haiingii. Shuleni namfungia juisi ya boksi na biskuti ili asinunue vitu vya getini. Halafu watoto wakila sukari wanapandwa na wazimu, nyumba haikaliki. Mume wangu anasema nimwachie dada yake sherehe yote yaishe. Nifanyeje?

Mama Mkali, Tabata


Marahaba, mwanangu. Mpe mama pole yangu.

Nianze kwa kukiri upendeleo. Wifi yako ni shangazi wa mtoto, na mimi ni shangazi wa watu wote wanaoniandikia, mashangazi tunabebana. Nilipofika kwenye lile kreti linashushwa kwenye bajaji nilicheka peke yangu. Nikafika kwenye maneno ya mtoto, kicheko kikakatika.

Yaliwahi kunikuta na mimi. Kijana wangu alipotimiza miaka 5 niliandaa sandwichi za mboga, nimezikata pembetatu, nikajiona mama wa kupigiwa mfano. Wiki nzima baadaye nilikuwa naziokota: nyuma ya kochi, kwenye chungu cha maua, moja imekunjwa vizuri kabisa ndani ya kiatu cha baba yake. Kwa hiyo sikuandikii kutoka juu ya mti.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na naona sherehe ile hukumwandalia mwanao. Ulimwandalia mama yako. Karoti zile, maji yale, keki ile isiyo na sukari, ndicho chakula ambacho ungetamani mama angekula miaka 20 iliyopita. Hofu yako si ya kijinga. Kisukari cha ukubwani hufuata ukoo, na mjukuu wa mgonjwa ana sababu ya kuangaliwa. Lakini hakiingii kwa kipande cha keki ya siku moja. Hujengwa na mazoea ya miaka mingi, na unene, na mwili usiotembezwa. Ndiyo maana sentensi iliyonishtua mimi ni ile uliyoipita haraka: juisi ya boksi na biskuti, kila siku ya shule.

Soda ya chupa ya mililita 300 ina gramu 30 hivi za sukari, sawa na vijiko vya chai saba au nane. Boksi la juisi la mililita 250, hata lile lililoandikwa matunda matupu, lina kama gramu 25, yaani vijiko sita. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya 5 ni bora zaidi. Sukari iliyomo kwenye juisi wameihesabu humohumo pamoja na ya soda. Kwa mtoto wa miaka 7, hiyo asilimia 10 ni kama vijiko vinane au tisa kwa siku nzima. Sasa piga hesabu mwenyewe. Soda umeifungia geti, na dada yake, juisi, umempa begi la shule alibebe. Siku za shule kwa mwaka zinakaribia 200. Sherehe ni moja. Jumatatu mtilie maji kwenye chupa yake, na mahali pa biskuti weka ndizi au kiazi kitamu cha kuchemsha. Ukifanya hilo peke yake, utakuwa umemlinda kuliko sherehe kumi za karoti.

Na huo wazimu wa sukari, tuuache. Mwaka 1995 jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha uchambuzi uliokusanya majaribio ambayo watoto walipewa sukari au kitu kitamu kisicho sukari bila kujua wamepewa kipi. Tabia zao hazikutofautiana. Kinachowapandisha watoto ni watoto wenzao 25, spika ya baba mdogo, maputo yanayopasuka, na ule mchezo wetu wa kumwagia maji mwenye siku yake. Mimi mwenyewe ningepandwa.

Sasa chakula. Kosa la mwaka jana, mwanangu, ni kwamba meza ile ilikuwa ya mgonjwa. Afya unaweza kuiweka mezani bila kuitangaza, na mapishi yetu ya kawaida yanakubeba. Tengeneza katlesi ndogo za samaki na viazi, uzipake mafuta kidogo na kuzioka. Ukizikaanga nazo, dunia haitaanguka. Mishkaki ya kuku, ila kabla ya kuwapa watoto chomoa nyama kwenye vijiti, maana mtoto anayekimbia na kijiti mdomoni ni safari ya hospitali. Mahindi ya kuchoma yaliyokatwa vipande vifupi, yenye ndimu na chumvi kidogo. Vitumbua vidogo vya kumezwa kwa mara mbili, sukari ukiipunguza nusu hakuna atakayejua, kwani nazi na iliki ndizo zinazofanya kazi. Pilau kama uwezo upo. Hapo hujaona mtoto akikunja uso, na hujafungua pakiti hata moja.

Na Mungu amekupa Desemba! Embe zimejaa, nanasi za Kiwangwa zinashuka kila siku. Nenda Buguruni au Mabibo asubuhi na mapema, ununue dodo zilizoiva. Saga nyama ya embe tupu, usitie sukari, mimina kwenye vikombe vidogo, chomeka kijiti butu, gandisha usiku kucha. Kwa jua la Dar la saa 9 mchana, nakuhakikishia barafu ya embe itaishinda soda mchana kweupe. Tengeneza nyingine za ukwaju. Hizo zitataka sukari kiasi, nawe usibane mkono. Maji yote ya juisi na barafu yawe yamechemshwa, tafadhali. Watoto 25 wakiharisha, hakuna mama atakayekumbuka kwamba hukuweka soda.

Matikiti na nanasi yakate dakika ya mwisho, yafunikwe, yasikae nje zaidi ya saa moja kwenye joto hilo. Weka ndoo yenye koki na sabuni mlangoni. Waulize wazazi mapema kama kuna mtoto mwenye mzio wa karanga, mayai au maziwa. Wadogo wa wageni nao watakuja hata kama hukuwaalika, ndivyo ilivyo kwetu, kwa hiyo karanga nzima na bisi zisiwe mahali ambapo mtoto wa chini ya miaka 5 anafika, maana humpalia.

Keki sasa. Iwe keki. Yenye sukari, mayai na siagi, yenye jina lake juu. Sherehe zetu zinasimama kwenye kulishana; mtoto anaita jina, mtu anapita mbele, anafungua mdomo, simu zinapiga picha. Huwezi kumlisha babu yake tonge la ndizi lililodondoka katikati halafu utake atabasamu. Kipande cha kulishana ni kidogo kama kidole. Kata na vya sahani vidogo, basi.

Nabaki na wifi. Ushauri wa mume wako wa kumwachia kila kitu nimeukataa, kwa sababu mtoto atajifunza kwamba furaha iko kwa shangazi na amri ziko kwa mama. Lakini kumzuia pia hutaweza. Kreti alilileta mwaka jana kwa sababu aliwaona watoto wa kaka yake wanaaibika mbele ya watu, na kwa macho yake aliwaokoa. Mpigie kabla ya yeye kupiga. Mwambie hivi: "Wifi, mwaka jana niliharibu, nisaidie. Keki naiacha mikononi mwako, wewe ndiye unayejua anachopenda. Soda nitaweka chache, watoto wagawane kwenye vikombe vidogo wakati wa keki, mpaka hapo kuna barafu na juisi." Neno "niliharibu" litakuuma kulitamka. Litamke hivyohivyo. Mwanamke aliyekabidhiwa keki hana muda wa kutafuta bajaji ya kreti, na kama ataleta, chupa 24 zote ziende ndani kwa wakubwa watakaokuja kuwachukua watoto wao jioni.

Yule mama wa jikoni aliyesema ubahili mpuuze. Alikula, siyo?

Na binti yako, mwite kabla ya yote hayo. Usimweleze habari za kisukari sasa. Mguu wa bibi yake anauona kila akienda kumsalimia, na siku atakayouliza mwenyewe utamjibu. Mwambie umesikia alichosema, na kwamba mwaka huu mtapika wote. Mpe kazi za kweli: aonje embe zipi zinafaa, achomeke vijiti kwenye vikombe, ahesabu vitumbua. Yeye ndiye awaambie rafiki zake barafu zile ametengeneza nani.

Ukibakiwa na za ukwaju, mimi siko mbali na Tabata.