Dawson: mji wa makaa ya mawe uliouzwa mzima mzima

Toleo lililopita tuliutaja Dawson, mji wa wachimba makaa ya mawe katika Kaunti ya Colfax, jimbo la New Mexico, Marekani. Tulisema ulikufa mwaka 1950 na kwamba uliwahi kupoteza mamia ya watu kwa siku moja, mgodi wake ulipolipuliwa na vumbi la makaa. Maswali yamemiminika, haya manne ndiyo yaliyorudiwa zaidi.

Kampuni inamilikije mji mzima, hadi duka na nyumba za kulala?

Kwa sababu ardhi ilikuwa yake kabla mji haujakuwapo. John Barkley Dawson, mfugaji, alinunua eneo hilo mwaka 1869 kwa dola 3,700, kisha akagundua makaa na kuanza kuwauzia majirani. Mwaka 1901 ardhi ilipita kwa watu wa reli waliotaka makaa ya injini zao, na mwaka 1906 ikanunuliwa na Phelps Dodge, kampuni ya shaba iliyohitaji koki, yaani makaa yaliyookwa bila hewa, ya kuyeyushia madini. Phelps Dodge ikajenga nyumba, hospitali, duka kubwa, ukumbi wa maonyesho, hata bwawa la kuogelea. Wachimbaji wengi walitoka Italia, Ugiriki na Meksiko.

Tusidanganywe na bwawa. Hakuna mchimbaji aliyeweza kununua nyumba aliyolala. Katika miji ya namna hii kodi ilikatwa kwenye mshahara kabla haujafika mkononi, na aliyefukuzwa kazi alifukuzwa na nyumbani. Fimbo yenyewe ilikuwa hapo.

Mchimbaji alilipwa kwa siku au kwa tani?

Katika migodi mingi ya Marekani ya enzi hizo, anayekata makaa alilipwa kwa tani. Hapo mzozo ulianzia kwenye mizani: tani ya paundi 2,000 ni kilo 907, ya paundi 2,240 ni kilo 1,016. Ukilipwa kwa tani kubwa, kila tani umetoa zaidi ya kilo 100 bure. Ndiyo maana vyama vya wafanyakazi vilidai mtu wao asimame penye mizani. Kazi za kusimamisha nguzo, kutandika reli na kuondoa mawe mara nyingi hazikulipwa, na mtu mwenye njaa, akiambiwa asimamishe nguzo, angekimbilia kukata makaa kwanza. Paa likiporomoka, lawama humwangukia yeye.

Mlisema mgodi ulilipuliwa na vumbi. Vumbi tu, bila gesi?

Ndiyo, na hili wengi hawaliamini. Gesi ya methani inaweza kuanzisha moto, lakini si lazima iwepo. Vumbi la makaa likitulia sakafuni halilipuki. Likipeperushwa hewani ndani ya handaki, likakutana na moto, kila chembe huungua karibu kwa mpigo mmoja. Hutosha takriban gramu 50 kwa kila mita ya ujazo. Chukua handaki lenye upana wa mita 3 na kimo cha mita 2: kila mita ya urefu inahitaji gramu 300 tu, na zikitandazwa sakafuni, kutani na darini, utando wake hauzidi unene wa karatasi. Ukipita na nyayo zako zikabaki zimechoreka, vumbi hilo linatosha kuua.

Ubaya wake ni kwamba mlipuko mdogo wa kwanza hutanguliza upepo, upepo unainua vumbi lililo mbele, na moto unaofuata unalikuta tayari hewani. Hivyo unajilisha wenyewe, handaki hadi handaki. Anayenusurika moto hukutana na kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu.

Tarehe 22 Oktoba 1913, katika mgodi wa Stag Canon namba 2 hapo Dawson, baruti iliyojazwa kupita kiasi ililipuliwa wakati watu wako kazini, kinyume cha sheria ya usalama. Walikufa 263, wawili kati yao waokoaji. Februari 1923, katika mgodi namba 1, mabehewa yaliacha reli na kugonga nguzo, cheche zikawasha vumbi. Wakafa watu wapatao 120. Baadhi yao walikuwa watoto wa waliokufa 1913.

Dawa ya milipuko hii ni unga wa mawe ya chokaa, unaonyonya joto na kukata mwendo wa moto. Sheria ya Marekani leo inataka asilimia 80 ya vumbi lote mgodini lisiwe la kuungua: kwa kila kilo ya vumbi la makaa, kilo 4 za unga. Lazima uwe laini, angalau asilimia 70 upite tundu la mikroni 75, yaani milimita 0.075. Kosa la kawaida ni kunyunyiza mara moja na kusahau. Makaa yanaendelea kukatwa, vumbi jipya linatua juu ya chokaa, na tabaka la juu ndilo linalopeperuka kwanza. Unga uliolowa nao huganda kama saruji na haupeperuki unapohitajika.

Kwa nini hakukubaki hata mtaa mmoja?

Reli zilihamia injini za dizeli, mnunuzi mkubwa wa makaa akatoweka. Kampuni ilipofunga mwaka 1950 iliuuza mji wenyewe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Majengo yakabomolewa au kusombwa. Wakazi hawakuwa na hati, kwa hiyo hawakuwa na cha kubishania. Dolores Huerta, mtetezi maarufu wa wafanyakazi wa mashambani, alizaliwa huko mwaka 1930. Mtaa aliozaliwa haupo.

Kilichosalia cha maana ni makaburi, yaliyoingizwa mwaka 1992 katika orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria. Misalaba ya chuma iliyopakwa rangi nyeupe imesimama kwa safu kilimani, mingi ikiwa na tarehe moja ya kifo.