Uvimbe wa kizazi ukichomwa kwa joto, utarudi?

Dada wa Nyegezi, umeuliza kama faibroidi, yaani huo uvimbe wa kizazi, uliyochomwa kwa joto itaota tena na una miaka 34. Aisee hakuna wa kukuapia, ila kaombe ripoti ya MRI (picha ya mashine ya sumaku) uliyopigwa baada ya matibabu, ile wanayokuchoma dawa mshipani ili damu ionekane pichani, uone asilimia ngapi ya uvimbe haipati damu tena maana hiyo ndo imekufa, kilichobaki hai pembeni ndo hukua, kama magugu maji hapa ziwani tu, ukiacha kipande yanatambaa upya. Na picha ya kabla pia, uvimbe uliong'aa sana kwenye T2, aina mojawapo ya picha za MRI, huwa mbishi kufa kwa joto. Umri nao, kukoma hedhi bado mbali kwa hiyo homoni zinaulisha. Mi ningepiga altrasaundi baada ya miezi 6, ila hedhi ikianza kumwagika tena usisubiri tarehe, wahi kwa dokta wa kina mama.