Ukitaka Kupanda Kilimanjaro, Anza na Idadi ya Siku

Kila ikikaribia Desemba naulizwa swali lilelile: "Tunataka kuwa kileleni tarehe 9, kampuni gani ina bei nafuu?" Tarehe yenyewe naielewa. Uhuru ulipoingia mwaka 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera na Mwenge pale juu, na Watanzania wengi hupenda kufika siku hiyo. Lakini kabla hujafika kwenye bei, muulize wakala safari ni ya siku ngapi.

Chukua njia ya Marangu, ambayo wengi wetu huanza nayo kwa sababu unalala kwenye vibanda, si kwenye hema. Lango liko chini kidogo ya mita 1,900. Usiku wa kwanza unalala Mandara, mita 2,720. Wa pili Horombo, 3,720. Siku ya tatu unafika Kibo, 4,720, na usiku huohuo unaamshwa kukitafuta kilele cha Uhuru, mita 5,895. Sasa piga hesabu. Wataalamu wa tiba ya milimani wanashauri kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali unapolala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, ili mwili uzoee upungufu wa oksijeni. Ratiba ya siku tano inakupandisha mara mbili ya hapo. Mtu aliyetoka Dar, ambako bahari iko mtaa wa pili, mwili wake haujawahi kuombwa kitu kama hicho.

Siku ya sita ndiyo dawa, na ndiyo ya kwanza kukatwa watu wanapobana bajeti. Inatumika Horombo: asubuhi mnapanda taratibu hadi kwenye yale mawe yenye mistari kama ya pundamilia, mnakaa kidogo, kisha mnarudi kulala palepale. Mimi ningeacha kununua koti jipya kuliko kuacha siku hii. Mwenye uwezo zaidi apitie njia ya Machame au Lemosho kwa siku saba au nane. Huko mnapita Lava Tower, karibu mita 4,600, halafu mnashuka kulala Barranco kwenye mita 3,900 hivi, na mwili unajifunza bila kulazimishwa.

Pale Horombo ndipo nilipoona mwongozaji mzuri anavyofanya kazi. Baada ya chakula alipitisha kile kifaa cha kubana kidole kinachopima oksijeni, akawa anaandika namba kwenye daftari. Ila macho yake yalikuwa kwenye sahani zetu. Alituambia vidole vikiwa baridi kifaa hukosea, kwa hiyo yeye huangalia nani kabakiza chakula. Mwenzetu mmoja, hodari wa jogging, alikuwa anachokoa wali tu. Jamaa akahamia pembeni yake, akamuuliza kichwa kinagonga upande gani, tangu saa ngapi, amekunywa maji kiasi gani. Mkipewa mwongozaji wa namna hii msibishane naye. Tena mwambieni mapema, mkiwa bado na akili timamu, kwamba akisema fulani arudi, anarudi. Kichwa kuuma na kichefuchefu ni kawaida kule. Kuyumba kama mlevi, kuongea vitu visivyoeleweka au kukosa pumzi ukiwa umekaa tu ni dalili za kushushwa saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Muone daktari kabla ya kulipa. Wengi hutumia Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, lakini mweleze kama una mzio wa dawa za salfa. Na hili halisemwi vya kutosha kwetu: mwenye selimundu asipande, na anayebeba vinasaba vyake bila kuugua asiende bila ushauri wa daktari, maana upungufu wa oksijeni unaweza kumdhuru hata yeye.

Nikirudi kwenye bei. Ada za hifadhi zinajulikana, na kwa raia tunalipa kwa shilingi, kidogo mno ukilinganisha na mgeni, kwa hiyo kitambulisho cha NIDA usikisahau. Kampuni haiwezi kupunguza kitu pale. Ukiona bei imeshuka kupita wenzake wote, kuna wagumu, yaani wapagazi, wanaoilipia kwa migongo yao. Mzigo wa mpagazi mwisho kilo 20, na langoni kuna mzani. Uliza wanalipwa kiasi gani na lini, wanakula mara ngapi, wanalala wapi. Wakala anayeanza kucheka ukimuuliza hayo, muage. Bakshishi iwe kwenye bajeti tangu mwanzo, na mkabidhi kila mtu mkononi. Sisi wenyeji tuna sifa mbaya kwenye jambo hili, na tumejitafutia.

Vifaa havihitaji kukufilisi. Soko la Memorial pale Moshi lina makoti na masweta ya mitumba ya maana, na begi la kulalia utakodi. Viatu tu ndivyo viwe vyako na viwe vimeshazoea mguu. Suruali ya jinzi acha nyumbani: ikilowa haikauki, na Desemba mvua za vuli zinaweza kuwa bado zipo. Usiku wa kilele chupa ya maji ibebwe kichwa chini, kwa sababu barafu huanzia juu, na simu ikae ndani ya nguo, karibu na mwili, la sivyo chaji inaisha kabla ya picha.

Halafu ongea na mpishi. Amezoea kupika supu na tambi akidhani ndivyo kila mteja anavyotaka. Sisi tuliomba ugali na mboga, akafurahi kuliko sisi.

Kutoka Kibo ni changarawe tupu, hatua mbili mbele, moja inarudi, mpaka Gilman's, kwenye ukingo wa kreta, mita 5,685. Hapo tayari unahesabiwa na cheti unapewa. Kama mwongozaji anaona imetosha, geuka. Na tiketi ya basi la kurudi Dar kateni ya kesho yake, si ya siku mnayotoka langoni, maana kwa magoti yale hata ngazi za basi ni mlima mwingine.