Kuku wanajitafutia chini ya mikorosho na msimu wa kupuliza umefika, nifanyeje?

SWALI: Dokta shikamoo. Mimi na mume wangu tuko Newala, tuna mikorosho, pembeni mbaazi na mihogo, na kuku wa kienyeji kama sitini wanaoshinda chini ya miti wakijitafutia. Wateja wetu wa Mtwara mjini wanataka mayai yasiyo na kemikali. Je, salfa itawaua kuku? Alafu jirani anasema nikichanja kideri sio kuku wa asili tena, ni kweli?

JIBU: Marahaba dada. Kwanza tutenganishe, mana huko kwetu kila kinachopulizwa kwenye mkorosho watu wanakiita salfa. Salfa ya unga, ile ya njano ya ubwiriunga, yani ukungu mweupe wa mikorosho, ni madini na hata kilimo hai, kile kisichotumia kemikali za viwandani, kinairuhusu, kuku hafi kwa kudonoa majani yenye vumbi kidogo, ila inawasha macho na kifua, utaona wanatoa machozi na kupiga chafya, na vifaranga ndo wanaumia zaidi.

Hofu yangu iko kwenye sumu za maji za kuua mbu wa mikorosho, wale wadudu wanaofyonza machipukizi. Baadhi ni kali mno kwa ndege. Ukishapuliza, wadudu wanadondoka chini wanatapatapa, na kuku akiona kitu kinachezacheza kwenye majani makavu anakikimbilia, anameza kimoja, anameza cha pili, baadae unamkuta anatoa udenda, anatetemeka, miguu haina nguvu. Hata asipokufa sumu inaweza kuingia kwenye yai, na yai hilo ndo unampelekea mteja aliyekuamini.

Kwa iyo kama ni salfa tu, wapulizaji wanaanza alfajiri upepo ukiwa umetulia na majani yana umande, basi kuku wasifunguliwe mpaka vumbi litue, hata saa nne. Vyombo vya maji viwe vimefunikwa tangu usiku na pipa la maji ya mvua pia, najua maji ya huko juu yalivyo ya shida. Na msizidishe kipimo, salfa ikirundikana miaka na miaka inaongeza tindikali kwenye udongo wetu wa kichanga, na mbaazi zako ziko hapohapo.

Kama ni sumu ya maji, kuku wahame kabisa. Tengenezeni kibanda cha kuhama, fremu ya miti au mianzi na wavu, chini wazi, watu wawili wakibebe, mnakisogeza kila siku kwenye mihogo au mbaazi ambako hakujapulizwa. Miezi hii kusi ndo linavuma, kwa iyo kaeni upande wa kusini wa miti ili upepo upeleke sumu mbali na kuku, na muulizeni jirani anapuliza lini mana mashine yake haijui mpaka wa shamba. Siku za kusubiri kabla ya kurudi shambani zifuate lebo, na mimi ningeongeza mpaka wadudu waliokufa wasionekane tena chini ya miti.

Kuhusu chanjo, jirani kakosea. Chanjo ya kideri inaufundisha tu mwili wa kuku kupambana na ugonjwa, nyama na mayai mnakula kama kawaida, na kilimo hai hakikatazi kuchanja ugonjwa unaojulikana upo. Kuku wa kujitafutia wanakutana na kuku wa kijiji kizima, kideri kikiingia hamna tiba, unaweza kupoteza karibu wote ndani ya siku chache. Ile ya matone ni tone moja jichoni, kuku mkubwa na kifaranga sawa, subiri apepese ndo umwachie, na urudie kila baada ya miezi mitatu. Chanja walio wazima tu, jioni wakiwa bandani ni rahisi kuwakamata, chupa isipigwe jua. Ongea na afisa mifugo wa kata, mkichangia chupa na majirani inakuwa bei rahisi na ulinzi unakuwa wa mtaa mzima.

Kama wiki hii mmeshapuliza sumu ya maji na kuku walikuwa nje, niandikie jina lililo kwenye chupa kabla hujauza trei nyingine.