Maswali ya Wasomaji: Manowari za Deraya za Uholanzi

Swali: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba zamani Uholanzi ilikuwa na manowari zilizovikwa chuma. Je, zilikusudiwa kupigana bahari kuu, na ipo hata moja iliyosalia?

Jibu: Nyingi hazikukusudiwa bahari kuu. Baada ya manowari mbili za deraya kupambana huko Hampton Roads, Marekani, Machi 1862, Waholanzi walitambua kuwa meli zao za mbao zilikuwa zimepitwa na wakati, wakaagiza meli zenye mizinga katika mnara unaozunguka, za kulinda pwani na milango ya mito yao. Baadhi zilikuwa na sitaha iliyokaribia mno usawa wa maji, na gharama yake ilikuwa chungu: tarehe 5 Julai 1882 Adder ilizama karibu na Scheveningen pamoja na mabaharia wake wote 65.

Zipo mbili unazoweza kuzitembelea: Buffel, iliyoundwa Glasgow, ipo Hellevoetsluis, na Schorpioen, iliyoundwa karibu na Toulon, ipo Den Helder. Zote ni za mwaka 1868. Tazama hasa omo zake, yaani sehemu za mbele, zilizochongoka chini ya maji ili kutoboa ubavu wa meli ya adui.